Ngome, askofu na saa iliyoisha: kwa nini mwamuzi alisema sare

Swali: Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana miaka 12. Juzi alicheza mashindano ya vijana ya sataranji ya haraka, yaani blitzi, dakika 3 kwa kila mchezaji na nyongeza ya sekunde 2 kwa kila hatua. Raundi ya mwisho alibaki na mfalme na ngome, mvulana aliyecheza naye akabaki na mfalme na askofu. Wakazungushana mpaka saa ya binti yangu ikafika sifuri. Mvulana akadai ushindi. Mwamuzi akatazama ubao, akasema sare. Haikupita muda, meza ya jirani mtoto mwingine naye muda ukamwishia akiwa na mfalme na ngome, mwenzake ana mfalme na farasi. Mwamuzi yuleyule akasema huyo kashindwa! Wazazi tulizozana, na wapo waliosema binti yangu kapendelewa. Nusu pointi tunaipenda, lakini sitaki iwe ya kuonewa huruma. Haki ilikuwa ipi? Ngome si kubwa kuliko askofu, kwa nini hakushinda? Kocha wake anasema angeomba sare mapema, baba yake anasema sare haiombwi. — Mama wa mchezaji, Tanga

Jibu: Marahaba, mama. Nusu pointi ya binti yako ni halali yake, na yule mtoto wa meza ya jirani alishindwa kihalali. Mwamuzi wenu alifanya kazi nzuri katika jambo linalowababaisha hata wachezaji wakubwa, tena akiwa amezungukwa na wazazi wanaopiga kelele. Kama kuna wa kuombwa radhi hapo ukumbini, ni yeye.

Tuanze na kanuni yenyewe. Kanuni za sataranji za shirikisho la kimataifa, FIDE, zinazotumika tangu Januari 2023 zinasema hivi katika kifungu cha 6.9: mchezaji ambaye muda wake umekwisha ameshindwa. Ila kama mpinzani wake hawezi kumfikishia mfalme wake chekimeti (mfalme anashambuliwa na hana namna ya kuokoka) kwa mfululizo wowote wa hatua halali, mchezo ni sare. Blitzi nayo inafuata hivyohivyo.

Uzito wote uko kwenye neno “wowote”. Mwamuzi haulizwi nani alikuwa anaongoza, wala nani ana kete kubwa, wala kama chekimeti hiyo ingetokea kwa wachezaji wenye akili timamu. Anaulizwa jambo moja: je, kuna njia yoyote, hata ya kijinga, hata kama wachezaji wote wawili wangeshirikiana kuitafuta, ambayo aliyebaki na muda angempiga mwenzake chekimeti? Ikiwepo hata moja, aliyeishiwa muda kashindwa. Isipokuwepo kabisa, ni sare. Ni kama refa wa mpira: hahesabu nani kamiliki mpira dakika 90.

Sasa toeni ubao muweke kete, maana jambo hili halieleweki kwa maneno matupu. Tuanze na meza ya jirani. Mfalme wa yule mtoto muweke a1, kwenye kona (herufi ni safu wima, namba ni mstari). Ngome yake iweke b1, ubavuni mwa mfalme. Mfalme wa mpinzani awe a3, na farasi wa mpinzani awe c2. Farasi anatoa cheki, yaani anamshambulia mfalme. Mfalme akimbilie wapi? a2 na b2 zinalindwa na mfalme wa pili. b1 imekaliwa na ngome yake mwenyewe. Ngome imle farasi? Haiwezi, kwa kuwa kutoka b1 kwenda c2 ni mshazari na ngome haitembei mshazari. Cheki ya farasi nayo haizibwi kwa kete kuingia katikati. Basi, chekimeti. Hakuna mchezaji anayejipeleka mwenyewe pale, hilo nakubali. Lakini mkao huo ni halali na unaweza kufikiwa, na kanuni haitaki zaidi ya hapo.

Ngome yake mwenyewe ndiyo iliyomziba mfalme. Bila ile ngome, farasi mmoja na mfalme hawawezi kumpiga mtu chekimeti hata wakicheza mwaka mzima.

Haya, mtoeni farasi, mwekeni askofu, mjaribu tena. Askofu anatembea kwenye miraba ya rangi moja tu maisha yake yote. Akitoa cheki kwenye kona ya a1, ambayo ni nyeusi, miraba ya a2 na b1 ni myeupe na yeye haigusi kabisa. Mfalme wa mpinzani akisimama a3 analinda a2 na b2, inabaki b1. Wekeni ngome ya binti hapo ili izibe. Lakini safari hii ngome iliyoziba ndiyo inayookoa: askofu akitoa cheki kutoka mbali, ngome inasogea b2 na kukata njia; askofu akija mwenyewe mpaka b2, ngome inamla. Geuzeni mnavyotaka, nendeni kona nyingine, nendeni ukingoni, hamtapata. Askofu peke yake hawezi kumpiga chekimeti mfalme aliye na ngome tu. Haiwezekani kabisa, na ndiyo maana binti yako alipewa sare.

Tofauti ya meza mbili zile, basi, ilikuwa farasi na askofu. Upendeleo haukuwepo.

Na kwa kuwa mtakutana na hali nyingine, nikupe sura kamili. Aliyebaki na farasi mmoja anaweza kudai ushindi wa muda ikiwa mpinzani ana ngome, askofu, farasi au hata askari mmoja. Ikiwa mpinzani ana malkia tu, ni sare, maana malkia akiwa jirani na mfalme wake daima anaweza kumla farasi anayetoa cheki. Aliyebaki na askofu mmoja anaweza kudai ushindi ikiwa mpinzani ana askari, ana farasi, au ana askofu wa rangi ya pili. Ikiwa mpinzani ana ngome tu, au malkia tu, au askofu wa rangi ileile, ni sare. Aliyebaki na mfalme mtupu hadai chochote, hata mwenzake awe na malkia wawili. Na kuna moja inayowachekesha wanafunzi wangu: farasi wawili dhidi ya mfalme mtupu. Kwa uchezaji sahihi farasi wawili hawawezi kumlazimisha mfalme kuingia kwenye chekimeti, vitabu vyote vinasema hivyo, lakini mkao wa chekimeti upo. Kwa hiyo mwenye mfalme mtupu akimaliza muda mbele ya farasi wawili, kashindwa.

Utaona kichekesho kilichomo. Ukiwa na ngome dhidi ya askofu, muda ukiisha ni sare. Ukiwa na ngome na askari juu yake, yaani una mali zaidi, muda ukiisha umeshindwa. Askari yule anaweza kuziba mraba mbaya, au akafika mwisho akageuzwa kuwa farasi, na njia ya chekimeti ikapatikana. Mtoto aliyezoea kwamba mwenye kete nyingi ndiye salama, hapa ubongo unakataa.

Jambo hili liliwahi kumkuta kijana mashuhuri kuliko watoto wetu. Desemba 2019, mashindano ya dunia ya blitzi huko Moscow, Alireza Firouzja akiwa na miaka 16 alikuwa anacheza na bingwa wa dunia, Magnus Carlsen. Firouzja alikuwa juu: alikuwa na askofu na askari, Carlsen kabaki na askofu wa rangi ya pili. Mchezo wa namna hiyo, mwenye askofu mtupu kazi yake ni kusubiri tu. Sekunde zikamwishia Firouzja katika kuhangaika na kete zilizoanguka, saa ikafika sifuri, na Carlsen akapewa pointi nzima. Watazamaji wengi walidhani ni sare, kwa kuwa askofu mmoja atampiga nani chekimeti? Lakini mbele ya mtu mwenye askari na askofu wa rangi nyingine, njia ya chekimeti ipo kwenye ubao hata kama isingetokea kamwe. Kijana alikata rufaa akilalamika kwamba alibughudhiwa na maneno aliyoyatoa Carlsen wakati wa mchezo, rufaa ikakataliwa. Carlsen ndiye aliyetwaa ubingwa mwaka huo, baada ya kumshinda Hikaru Nakamura katika michezo ya kuamua mshindi.

Kwa nini basi wazazi na watoto wengi wana uhakika wa jambo lisilo kweli? Simu. Watoto wetu wanajifunzia blitzi kwenye simu, na tovuti kubwa ya Chess.com ina utaratibu wake: muda ukikuishia na mpinzani ana mfalme na askofu tu, au mfalme na farasi tu, inaandika sare bila kuangalia wewe una nini. Mtoto aliyecheza michezo elfu mbili kwa utaratibu huo anakuja ukumbini akiamini ni sheria ya dunia. Yule wa meza ya jirani nina hakika alishangaa kwa dhati. Sisemi msicheze kwenye simu. Nasema kabla ya mashindano kocha awaketishe watoto nusu saa awaeleze tofauti hii. Sijaona klabu nyingi zinazofanya hivyo, na sielewi kwa nini, maana huo ni muda mdogo kuliko unaotumika kukariri ufunguzi ambao mtoto ataucheza mara moja kwa mwaka.

Swali lako la pili: kwa nini hakushinda. Ndiyo, ngome kwa hesabu za darasani ni pointi tano na askofu ni tatu. Lakini ngome dhidi ya askofu, pasipo askari ubaoni, kwa kawaida ni sare. Mwenye askofu anachotakiwa kujua ni kona ipi ya kukimbilia, na kona hiyo ni ile yenye rangi tofauti na miraba ya askofu wake. Askofu akiwa wa miraba nyeusi, mfalme akimbilie kona nyeupe, mathalani a8. Ngome ikitoa cheki kwenye mstari wa mwisho, askofu anaingia b8 kuziba, na sasa mwenye ngome yuko kwenye mtego: akiendelea kumbana hivyohivyo, mfalme wa a8 hana hatua, askofu hawezi kusogea kwa kuwa akisogea anamwacha mfalme wake kwenye cheki, na mchezo unaisha kwa stelimeti (mwenye zamu hana hatua halali wala hayuko kwenye cheki), nayo ni sare. Akilegeza, askofu anatoka na mzunguko unaanza upya. Mfalme akikimbilia kona yenye rangi ya askofu wake, hapo mambo ni tofauti kabisa, anashindwa.

Kwa hiyo yule mvulana, kama alikuwa anakaa karibu na kona sahihi, alikuwa anacheza vizuri sana kwa umri wake, na binti yako hakuwa na ushindi aliouchezea vibaya. Alikuwa na sare tangu mwanzo na akaishia kwenye sare. Alichofanya ni kuipata kwa njia ya hatari.

Hatari ipi, wakati muda ukiisha ni sare vilevile? Hatari ya kukosea hatua. Sekunde tatu zimebaki, askofu katoa cheki, mtoto hajaiona anasogeza ngome. Hiyo ni hatua haramu. Katika blitzi ya zamani hatua haramu moja tu ilitosha kukupoteza mchezo; tangu Januari 2018 ya kwanza inampa mpinzani dakika 1 ya ziada na ya pili ndiyo inakuondoa. Hapo pia kanuni ina msamaha uleule: kama mpinzani hawezi kukupiga chekimeti kwa njia yoyote, hata hatua haramu ya pili inaishia sare. Kwa ngome dhidi ya askofu binti yako angesalimika hata kwa hilo. Lakini mtu anaweza pia kuitoa ngome bure kwa haraka, akaiweka mshazari mwa askofu, na ingawa hapo mchezo unakuwa sare papo hapo kwa kuwa askofu na mfalme hawawezi kitu mbele ya mfalme mtupu, fikiria kama angekuwa bado na askari mmoja.

Na hapa ndipo kuna somo kubwa zaidi katika barua yako, linalomhusu yule mtoto wa meza ya jirani kuliko binti yako. Alikuwa na ngome, mpinzani ana farasi, sekunde zinakatika. Alikuwa na sare mkononi na hakuiona. Farasi anayejilinda vizuri anakaa jirani na mfalme wake, ndiyo kinga yake. Basi mtoto yule angeielekeza ngome kwa farasi na kumla, hata kama mfalme wa mpinzani angeila ngome hatua inayofuata. Wangebaki wafalme wawili watupu, na kwa kanuni mchezo unakoma palepale kuwa sare. Saa haina kazi tena. Angebadilisha ngome yenye thamani kwa farasi mdogo, na faida yake ingekuwa nusu pointi badala ya sifuri. Wachezaji wazoefu wa blitzi hufanya hivi bila kufikiri. Wakiona hakuna ushindi na sekunde ni chache, wanatafuta kete ya mwisho ya mpinzani na kuiondoa kwa gharama yoyote. Mpinzani akibaki na mfalme mtupu, huwezi tena kushindwa, hata ukilala mezani.

Kwa watoto ni kazi ngumu kwa sababu tumewafundisha miaka yote wasitoe kubwa kwa dogo. Lazima wafundishwe kwamba chini ya sekunde kumi thamani za kete zinabadilika. Askari wa mwisho wa mpinzani anaweza kustahili ngome yako. Askari wako mwenyewe anaweza kuwa mzigo. Mwenye ngome na askari dhidi ya askofu, ikiwa kabakiwa na sekunde mbili na haoni njia, ni heri ngome imle askofu kuliko kumtetea askari hadi bendera ianguke, yaani muda uishe.

Sasa hiyo nyongeza ya sekunde 2. Baadhi ya wazazi huniuliza, kama kila hatua inaongeza sekunde mbili, muda unaishaje? Unaisha kwa sababu mtoto anatumia tatu. Akiwa na sekunde 20 na kila hatua inamla sekunde tatu, anapoteza moja kila mara, na baada ya hatua kama ishirini amekwisha. Nyingi ya hizo hazipotei kwa kufikiri. Zinapotea mkononi: mtoto anasogeza kete kwa mkono wa kulia, saa iko kushoto, anavuka ubao, anagonga kete nyingine, inaanguka, anaisimamisha. Kanuni inataka mkono uleule uliosogeza kete ndio ubonyeze saa, na ukiangusha kete unaisimamisha kwa muda wako mwenyewe. Mwangalie binti yako akicheza nyumbani, usiangalie ubao, angalia mkono. Halafu mwambie kabla ya mchezo aangalie saa imewekwa upande gani. Mara nyingi saa huwekwa kulia kwa mwenye kete nyeusi, kama mwamuzi hajapanga vingine, kwa hiyo akiwa mweupe ajue safari ya mkono itakuwa ndefu kidogo.

Hayo ni kwa mashindano yenye nyongeza. Mashindano mengi ya shule bado yanachezwa dakika tano bila nyongeza yoyote, mara nyingi kwa sababu saa zilizopo hazijulikani namna ya kuwekewa nyongeza au hakuna aliyejishughulisha kusoma maelekezo yake. Kwa maoni yangu hiyo si blitzi ya kuwafaa watoto. Mwisho wake ni vidole kupigana na si sataranji. Nyongeza ya sekunde 2 ndiyo inayotumika katika mashindano ya dunia, dakika 3 na sekunde 2, na waandaaji wetu waige hilo kabla ya kuiga vikombe na mabango.

Nije kwa kocha na baba, maana mmeniachia ugomvi wa nyumbani. Wote wawili wana nusu ya ukweli. Sare inaombwa, baba asikasirike; kanuni zinatoa utaratibu wake. Unacheza hatua yako kwanza, unasema “sare?”, kisha unabonyeza saa. Unaomba mara moja, si kila hatua, kwani kuomba tena na tena ni bughudha na mpinzani anaweza kukushitaki kwa mwamuzi. Mpinzani akikataa au akicheza hatua yake, ombi limekufa. Binti yako angeweza kuomba pale alipoona mfalme wa mvulana kakaa kona sahihi, na mvulana mwenye busara angekubali. Kabla ya hapo mwangalie tangazo la mashindano, maana waandaaji wengine wanakataza kuafikiana sare kabla ya idadi fulani ya hatua.

Lakini ipo sare ambayo haiombwi, inadaiwa, na hiyo kocha aifundishe zaidi. Mkao uleule ukijirudia mara ya tatu, na zamu ni ileile, mchezaji ana haki ya kusimamisha saa, kumwita mwamuzi na kudai sare. Zikipita hatua 50 za kila upande bila askari kusogea na bila kete kuliwa, vilevile. Ugumu wa blitzi ni kwamba hakuna anayeandika hatua, na ushahidi unakuwa macho ya mwamuzi, mpinzani mkweli, au video ikiwepo. Kanuni hata hivyo zinampa mchezaji haki ya kuomba karatasi wakati wowote ili aanze kuandika. Sijui mtoto mwenye sekunde tano ataandika nini, lakini haki ipo. Ukidai na ikaonekana umekosea, mpinzani anaongezewa dakika 1. Kwa hiyo asidai kwa kubahatisha.

Kwa mchezo wa binti yako, hatua 50 kila upande kwa sekunde mbili mbili ni zaidi ya dakika tatu za kuzungushana. Akihisi mzunguko umeanza, amwite mwamuzi mapema asogee mezani. Mwamuzi akiwa pale ataona marudio kwa macho yake. Kuna pia sare zinazokuja zenyewe pasipo dai: mkao ukijirudia mara ya tano, au hatua 75 zikipita bila kuliwa kete wala askari kusogea, mwamuzi anatangaza mwenyewe.

Upande wa baba nao una neno. Sare inayotengenezwa kabla ya mchezo ni aibu na ni kosa. Desemba 2023 huko Samarkand, Uzbekistan, katika mashindano ya dunia ya blitzi, Daniil Dubov na Ian Nepomniachtchi walicheza mchezo ambao farasi wao walizunguka ubaoni wakarudi nyumbani, kwa hatua walizopatana tangu mwanzo, kisha wakaafikiana sare. Waamuzi waliwapa wote wawili sifuri, na rufaa yao haikufua dafu. Nawataja kwa sababu katika mashindano ya vijana nimesikia wazazi na hata makocha wakiwanong’oneza watoto raundi ya mwisho, “pateni sare wote mpate medali.” Hiyo inaweza kuwagharimu nusu pointi zote mbili. Mchezo wa binti yako uko mbali na huo. Watoto wale walipigana mpaka kete zikaisha.

Kuhusu wanaosema kapendelewa, usipoteze usiku kwa hilo. Kama kuna mzazi anayetaka rufaa, muda wa kukata rufaa umewekwa kwenye kanuni za mashindano, na kwa mkao uliouelezea haina pa kushika. Mwonyesheni ubao wenye askofu na mumpe dakika kumi atafute chekimeti.

Mazoezi ya nyumbani ni haya. Wekeni saa sekunde 20 kwa kila mmoja na nyongeza ya sekunde 2. Binti achukue ngome, wewe au baba chukua askofu, mfalme wako aanze katikati ya ubao. Kazi ya kwanza ni yeye kujaribu kukusukuma kwenye kona mbaya. Akifika hatua ya thelathini bila mafanikio, kazi inageuka kuwa kumla askofu kwa ngome kabla ya sekunde kuisha. Kisha badilishaneni pande, yeye alinde kwa askofu atafute kona yake. Mkiizoea hiyo, weka farasi mahali pa askofu na mfute neno sare kwenye saa: bendera yake ikianguka na farasi bado yuko ubaoni, aandike sifuri.